Kabla hujabandua nta: pakiti ya Fleer ya 1986

Pakiti yenyewe, ya kadi za kampuni ya Fleer, ni ndogo kuliko inavyoonekana kwenye video za watu wanaozifungua. Inaenea kiganjani, karatasi yake ina nta, na ndani kuna kadi 12 za wachezaji wa kikapu wa NBA, stika moja, na kipande cha bablishi chenye umri wa karibu miaka 40. Msimu wa 1986-87 mtoto wa Marekani aliinunua kwa chenji ya mfukoni. Leo inauzwa kwa maelfu ya dola, na mara nyingi sehemu kubwa ya thamani hiyo inayeyuka ndani ya nusu dakika baada ya karatasi kufunguka.

Tunaifuata hapa pakiti ya aina moja tu, toka siku ya kuitafuta mpaka siku ya kupiga hesabu ya hasara. Ndiyo, hasara. Anayefungua pakiti za zamani akitegemea faida anacheza bahati nasibu yenye tiketi ghali, na ni afadhali akubali hivyo kabla hajalipa. Mengi ya haya yanafaa pia kwa kadi za besiboli za kampuni ya Topps au za hoki za O-Pee-Chee ya Kanada, ila Fleer ya 1986 ndiyo inayowatia watu wazimu, kwa sababu ya kadi namba 57: Michael Jordan.

Sababu ya wazimu huo ni pengo la miaka. Topps iliacha kutoa kadi za kikapu baada ya msimu wa 1981-82. Katikati hapo kampuni ndogo iliyoitwa Star ilikuwa inauza kadi za timu kwenye mifuko, bila pakiti za bablishi za madukani. Fleer ya Philadelphia ilipoingia mwaka 1986 ikakuta nyota wa misimu kadhaa hawajawahi kuwa na kadi ya pakiti, ikawakusanya wote kwa mkupuo: Jordan, Charles Barkley, Patrick Ewing, Karl Malone, Clyde Drexler, Dominique Wilkins, Isiah Thomas, na kijana wa Lagos aliyeandikwa Akeem Olajuwon, kabla hajaanza kuliandika jina lake kwa H. Fleer asili yake ni kiwanda cha bablishi; ile bablishi ya kwanza ya kupuliza iliyofanikiwa sokoni ilitengenezwa humo na Walter Diemer mwaka 1928. Kadi zilikuwa chambo cha kuuzia utamu. Wakati ule wateja hawakuzigombania, maboksi yakakaa madukani, na ndiyo maana mpaka leo kuna pakiti zilizosalia bila kufunguliwa.

Sasa hesabu, na ifanye kwa kalamu kabla ya kufungua pochi. Seti nzima ina kadi 132 na stika 11. Pakiti ina kadi 12, kwa hiyo Jordan wa kadi anatokea kwa wastani katika pakiti moja kati ya 11. Stika yake nayo ni moja kati ya 11. Ukiziunganisha, karibu pakiti 83 katika kila 100 hazina Jordan wa aina yoyote. Boksi lina pakiti 36, yaani kadi 432, hivyo kila mchezaji anajitokeza mara tatu na kidogo kwa boksi zima. Mwenye kununua pakiti moja anunue akijua kwamba jibu la kawaida ni hapana.

Na Jordan akitokea, swali la pili ni hali yake. Kampuni ya PSA, ambayo hupima kadi kwa alama 1 hadi 10 na kuzifungia kwenye kasha la plastiki, imeshapima zaidi ya kadi 20,000 za Jordan huyu. Zilizopata 10 ni mia tatu na ushee. Januari 2021 mbili kati ya hizo ziliuzwa mnadani kwa dola 738,000 kila moja. Mwaka uliofuata kadi ya alama hiyohiyo ilikuwa inapatikana chini ya dola 250,000. Waliopasua pakiti zilizonunuliwa kwa bei za Januari ile waliumia mara mbili, kwanza kwenye pakiti, kisha kwenye soko.

Kinachopandisha bei ya pakiti iliyofungwa ni tumaini lililomo. Mfano mzuri uko kwenye hoki. Februari 2024 kule Marekani ulifanyika mnada wa katoni ya O-Pee-Chee ya 1979-80, iliyokuwa imekaa kwenye nyumba moja Saskatchewan, Kanada: maboksi 16, kila boksi pakiti 48, kila pakiti kadi 14. Hizo ni kadi 10,752. Seti ile ina kadi 396, kwa hiyo makadirio ni kwamba humo ndani mna kadi zipatazo 27 za mwanzo kabisa za Wayne Gretzky, nyota mkubwa wa hoki. Mnada ulifika dola milioni 3.72. Hakuna aliyekuwa ameona hata Gretzky mmoja. Kingo za kadi za O-Pee-Chee zilikatwa kwa waya, zikatoka na manyoya, na wengi wa Gretzky hao wangeweza kutoka wamechoka tangu kiwandani. Ikishafunguliwa, katoni kama hiyo inageuka kuwa rundo la kadi zenye alama zinazojulikana, na tumaini halilipiwi tena.

Kosa la kwanza la wengi wetu lilikuwa kununua pakiti moja moja bila kuuliza ilitoka wapi. Kadi hazikuchanganywa kama karata. Zilichapwa kwenye mashiti makubwa, zikakatwa, zikapangwa kwenye marundo, na mashine ikachota kutoka marundo hayo kwa mfuatano. Kwa hiyo pakiti za boksi moja zina ndugu zao: ukishafungua kadhaa na kuandika mpangilio, unaanza kuhisi zilizobaki zina nani. Mtu mwenye boksi anafungua pakiti 20, anawapata Jordan wake watatu, kisha 16 zilizobaki anaziuza "hazijawahi kuguswa". Hajadanganya. Pakiti ni halisi, nta ni halisi, na Jordan alishaondoka. Ndiyo maana swali la kumuuliza muuzaji wa pakiti moja ni hili: boksi lake lilifunguliwa na nani, na pakiti nyingine za boksi hilo ziko wapi? Akianza kupiga chenga, ondoka.

Kuna na hila ya mwanga. Karatasi ya nta haizuii mwanga kabisa. Kadi au stika iliyolalia karatasi inaweza kusomeka kwa tochi kali, na pakiti ambazo Jordan anaonekana kwa nyuma huuzwa kwa bei ya juu zaidi. Maana yake ni kwamba pakiti isiyotangazwa kitu imeshamulikwa na kila mtu aliyeishika kabla yako. Kuhusu kupima uzito kwa mizani ya sonara, usihangaike: mchezo huo ni wa pakiti za kisasa zenye kadi nene za vipande vya jezi. Kwenye pakiti ya nta, bablishi iliyovunjika au kukauka inatosha kuvuruga gramu zote.

Tuje kwenye hatari kubwa, ile ya kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Pakiti ya nta inafungwa kwa joto, na kilichofungwa kwa joto kinafunguliwa kwa joto. Mhuni anapasha mgongo wa pakiti kwa draya ya saluni au pasi ya uvuguvugu, anainua mikunjo, anatoa kadi nzuri, anaweka za kawaida, anapiga pasi tena. Dakika tano.

Geuza pakiti, tazama mgongo. Karatasi imezungushwa ikapishana, kisha ncha mbili zimekunjwa kuja katikati kama bahasha na kubanwa na chuma cha moto cha kiwandani. Chuma kile kiliacha alama bapa, yenye mpaka ulionyooka, na nta imezama sawasawa ndani ya karatasi. Inamisha pakiti pembeni ya taa ili mwanga uipige kwa ubavu. Unatafuta mstari wa pili wa nta pembeni ya ule wa kwanza, nusu milimita hivi, kama pindo la suruali lililofumuliwa likashonwa upya na alama ya uzi wa zamani ikabaki. Unatafuta mkunjo wa zamani ambao haupo tena kwenye ukingo, umesogea ndani. Unatafuta nta iliyotapakaa kama mshumaa uliomwagika, au sehemu kavu isiyo na nta kabisa mahali ambapo ncha inapaswa kushika. Ukiona alama ya kidole ndani ya nta, hiyo haikuachwa na mashine.

Baada ya hapo chukua ile tochi ndogo ya kuangalia noti bandia, ya mwanga wa zambarau, inayokaa kwenye kaunta za wakala wa fedha. Zima taa, mulika mshono. Gundi nyingi za siku hizi zinang'aa buluu-nyeupe chini ya mwanga huo; nta ya zamani haiwaki hivyo. Pakiti iking'aa kwenye mshono, mazungumzo yameisha.

Bonyeza kwa vidole viwili, taratibu. Fungu la kadi linapaswa kukaa kama tofali dogo, bila kucheza sana ndani na bila kubanwa mpaka karatasi ikakakamaa. Bablishi inaweza kuhisiwa kama kibao kigumu upande mmoja, au kama changarawe kama imevunjika. Ikisikika ikitikisika usiogope, za umri huo nyingi zimeshapasuka. Kinachotisha ni pakiti isiyo na dalili yoyote ya bablishi, wala umbo wala vumbi wala doa lake kwenye karatasi.

Wengi hawaamini macho yao, na wana haki. Ndiyo maana kuna uthibitisho: PSA hufungia pakiti nzima kwenye kasha, na Baseball Card Exchange ya Indiana, maarufu kwa herufi BBCE, huyakagua maboksi na kuyavisha plastiki yenye nembo yake. Boksi lililoandikwa kwamba limetolewa kwenye katoni iliyofungwa lina bei zaidi, kwa sababu nafasi ya mkono wa mtu kuingia inapungua. Uthibitisho unapunguza hatari, hauimalizi. Mwanamitandao Logan Paul alitoa dola milioni 3.5 kwa katoni iliyodaiwa kuwa ya kadi za Pokémon za toleo la mwanzo, ikiwa na uthibitisho. Ilipofunguliwa Januari 2022 ndani mlikuwa na kadi za G.I. Joe. Mkaguzi wa nje anaona nje. Ukinunua pakiti iliyo ndani ya kasha, soma namba yake kwenye tovuti ya kampuni husika, kisha kagua kasha lenyewe kingo zote nne: nyufa nyeupe kwenye maungio ni dalili kwamba limewahi kupanuliwa.

Minadani angalia kitu kimoja ambacho wageni husahau. Bei ya nyundo siyo bei unayolipa. Juu yake kuna ada ya mnunuzi, ambayo kwenye nyumba kubwa za mnada za Marekani huwa karibu asilimia 20 au zaidi. Ukipandisha mkono kwa dola 5,000 umejifunga kwa 6,000 na ushee, kabla ya usafiri na bima. Kwa aliye Dar es Salaam ongeza VAT ya asilimia 18 na ushuru wa forodha. Nairobi VAT ni 16. Na kuna jambo la forodhani lisilo la fedha: ofisa ana haki ya kufungua mzigo asioufahamu. Pakiti iliyowekwa ndani ya bahasha bila kasha inaweza kufunguliwa kwa nia njema kabisa. Iwe ndani ya kasha la PSA au kiboksi kigumu kinachoonekana ndani, pamoja na ankara inayoeleza ni kitu gani na kwamba thamani yake iko kwenye kutofunguliwa. Mwenye ndugu Marekani, Houston au Minneapolis, afanye jambo la akili, aiache huko na kuifungulia hukohuko likizo ikifika.

Kuileta pwani kuna tabu nyingine. Nta ya aina hii huanza kulainika na kuyeyuka kwenye nyuzi hamsini hivi, na gari lililofungwa juani linafika hapo bila shida. Pakiti ikilainika, nta inahamia kwenye kadi na alama za kiwandani zinafutika; hata kama ni halali, hakuna atakayekuamini tena. Unyevu nao unapinda kadi na kuifanya bablishi itoe maji. Chombo kinachofunga vizuri na vile vifuko vya chembe za kufyonza unyevu vinavyokuja na viatu vipya vinatosha, mradi ubadilishe vifuko vikishalowa.

Kabla ya kuigusa pakiti ya maelfu, jifunzie kwenye ya bei chee. Topps ya besiboli ya 1987, yenye ukingo uliochorwa kama ubao, ilichapwa kwa wingi wa kutisha. Boksi lake lina pakiti 36 za kadi 17 na kipande cha bablishi, na linapatikana kwa fedha ya chakula cha jioni cha watu wachache. Fungua lote. Utajifunza nta inavyoachia, bablishi inavyogeuka unga, na jinsi kidole gumba kinavyovunja kona bila wewe kujua. Mpaka pakiti ya 36 mikono itakuwa imetulia. Aliyeruka hatua hii akaanzia kwenye Fleer huwa tunamtambua kwa kona za kadi zake.

Siku yenyewe. Pakiti ikae chumbani saa 24 ipate joto la chumba. Nta baridi ni ngumu, inang'oka na utando wa kadi. Zima feni, kwa sababu stika nyepesi hupeperuka na mtu anaidaka kwa pupa. Osha mikono, kausha mpaka ndani ya kucha, usipake losheni. Glavu za kitambaa zinateleza, achana nazo. Meza iwe na kitambaa laini kisicho na manyoya, pembeni vifuko laini vya plastiki vikiwa tayari vimefunguliwa midomo. Hakuna kinywaji mezani. Hata maji.

Simu irekodi bila kukatisha, ikianza na pakiti kwenye kasha, namba ikisomeka, kisha kasha likivunjwa, kisha pakiti pande zote sita. Baada ya kufungua muuzaji hana tena cha kukagua, na bila video yako ni neno lako dhidi ya lake. Kuvunja kasha ndiko kunakoumiza pakiti kuliko yote: tumia koleo kwenye kona ya mbali, minya mpaka plastiki ipasuke kidogo kidogo, usipige nyundo.

Weka pakiti mgongo juu. Usirarue. Ingiza ukucha au kijiti bapa cha plastiki, kile cha mafundi simu, chini ya ncha moja iliyokunjwa. Sogeza kwa upana, usichimbe chini, maana milimita moja chini ya karatasi kuna kadi. Nta ya miaka 40 inaachia kwa mlio mdogo mkavu, kama ganda la kitunguu, na kipande chenye umbo la pembetatu kinainuka. Rudia upande wa pili, kisha inua mshono wa katikati. Harufu inakuja kabla ya kuona chochote: sukari iliyozeeka na vumbi la kabati. Mapigo ya moyo yatapanda, na hapo ndipo mikono inapoharibu mambo. Subiri. Vuta pumzi. Kadi hazibadiliki ukisubiri dakika moja.

Usizivute kadi kutoka ndani ya karatasi. Kunjua karatasi mpaka ilale bapa na fungu libaki juu yake. Ondoa bablishi kwanza kwa kibanio. Vumbi lake ni kama chumvi, linakwaruza, kwa hiyo lipeperushe kwa kipulizia cha lenzi za kamera, usifute kwa kidole. Na usiile. Watu huitafuna mbele ya kamera kwa ajili ya kicheko. Inageuka unga wenye ladha ya chaki, na mwenye kufanya hivyo anarudi kushika kadi kwa vidole vyenye mate.

Sasa kadi. Wengi wanapenda kuzisukuma moja moja kwa kidole gumba kama mgawa karata, na kila msukumo unasugua uso wa kadi kwa mgongo wa ile ya juu. Inua kadi ya juu kwa kingo zake mbili ndefu, iweke kwenye kifuko, kisha inayofuata. Zikishikana usizibandue kama stika. Shika fungu kwa kingo, lipinde kwa kiasi kidogo sana mbele na nyuma, na zitaachana zenyewe. Tabu ya kugandamana kuwa tofali ni kubwa zaidi kwenye kadi zenye kung'aa za miaka ya tisini mwanzoni. Fleer hii haina rangi ya kung'aa ya aina hiyo.

Andika mpangilio: ya kwanza nani, ya pili nani, mpaka ya 12. Huu ndio ushahidi wako wa mwisho kama pakiti ilichezewa. Kadi mbili zilezile ndani ya pakiti moja, kona zilizolainika katikati ya fungu ambapo hakuna kilichoweza kuzigusa, doa la nta kwenye kadi ya tano badala ya ile iliyolalia karatasi, au fungu lisilo na doa la bablishi popote: kila moja inazua swali, mbili kwa pamoja zinatosha kumpigia simu muuzaji.

Mara nyingi hakutakuwa na Jordan. Tuseme wazi jinsi inavyokuwa, kwa sababu video hukatwa hapo. Unabaki na kadi 12 safi za watu ambao wengine hukuwahi kuwasikia, unazipanga upya kana kwamba moja imejificha nyuma ya nyingine, na unaanza kutafuta pakiti ya pili mnadani usiku uleule. Usinunue usiku huo. Weka kiwango cha fedha kabla ya kuanza, kiandike, mpe mtu wa nyumbani akishike. Na kabla hujazidharau kadi zilizotoka, zipitie: Olajuwon ni namba 82, Barkley 7, Malone 68, Ewing 32, na zikiwa za hali ya juu zina wanunuzi wa kweli.

Jordan akiwemo, asipitie mikono ya watu chumbani. Kifuko laini, kisha kishikilio kinachopinda kidogo kama Card Saver 1, ambacho PSA inakitaka kwa kadi zinazotumwa kupimwa. Halafu chunguza kwa lenzi ya sonara ya mara 10. Kingo nyekundu na buluu za Fleer hii ni adui wa alama nzuri, kwa kuwa rangi ikibanduka hata nukta moja, karatasi nyeupe ya chini inapiga kelele. Pima upana wa ukingo wa kushoto na kulia: milimita 3 kwa 2 ni uwiano wa 60 kwa 40, na kwa alama ya 10 unataka kukaribia 55 kwa 45. Kadi iliyokatwa upande ni ya kiwandani, hakuna dawa.

Madoa ni ya aina mbili na watu huyachanganya. Doa la nta mbele ya kadi, kama ukungu kwenye kioo, linatoka kwa kusugua kwa wepesi sana na soksi safi ya nailoni, mizunguko midogo, ukikagua kila baada ya michache. Doa la nta nyuma, kwenye karatasi isiyo na utando, limeshazama, acha. Doa la bablishi ni la hudhurungi na limekula karatasi. Halitoki kwa soksi, kwa pamba, wala kwa dawa yoyote, na ukiingiza kimiminika kadi inapimwa kama iliyochezewa na haipewi alama kabisa. Tumewaona walioigeuza kadi ya maelfu kuwa kumbukumbu kwa tone moja la spiriti.

Ada ya kupimwa hupanda kulingana na thamani ya kadi, na kampuni ina haki ya kukuongezea bili kama alama iliyotoka imeiinua kadi kuliko ulivyoitangaza. Weka fedha hiyo pembeni tangu mwanzo, pamoja na bima ya kwenda na kurudi. Kusubiri kunaweza kuchukua miezi.

Kwa Watanzania wanaopenda jambo hili lakini hawana moyo wa kutoa maelfu, kuna njia ya pembeni. Mtanzania Hasheem Thabeet alichaguliwa wa pili, na timu ya Memphis, timu za NBA zilipochagua wachezaji wapya mwaka 2009, na kadi zake za mwanzo ziko kwenye matoleo ya msimu wa 2009-10. Maboksi ya msimu huo ni ghali kwa sababu aliyechaguliwa wa saba mwaka ule ni Stephen Curry. Ila kadi ya Thabeet yenyewe, ikinunuliwa peke yake nje ya pakiti, ni ya bei nafuu. Kanuni hiyo inafaa pia kwa 1986: ukimtaka Jordan, mnunue Jordan aliyekwisha kupimwa. Pakiti inunuliwe na anayetaka kuifungua.

Limebaki karatasi tupu la nta. Lina thamani yake kidogo, na litapata mnunuzi haraka kuliko unavyotarajia, jambo ambalo lifikirie vizuri, kwa maana mhuni wa draya na pasi anahitaji karatasi halisi lenye mikunjo halisi. Lilaze bapa kati ya karatasi mbili safi, weka kitabu juu, na siku ya pili likate kona moja kwa mkasi kabla ya kulihifadhi au kulitoa mkononi mwako.